Mwongozo kamili wa kukosoa meli za Star Trek wanazochora mashabiki: soma chombo kama fundi wa jahazi

Mtu akikuletea mchoro wa meli ya angani ya Star Trek, kile kipindi cha TV cha Marekani cha safari za nyota, aliyoichora mwenyewe, pengine amekesha wiki tatu juu ya laptop, na wewe ukaitupia jicho sekunde tano ukamwambia "iko poa" ama "hii mbaya bana", umemdhulumu kote kuwili. "Iko poa" haimfunzi kitu, na "mbaya" yamvunja moyo bila kumwonyesha palipo na kasoro. Namjua kijana mmoja wa Kisauni aliambiwa chombo chake ni sufuria na kifuniko, basi, hakuelezwa lengine, akaacha kuchora mwaka mzima, na mkono wake ulikuwa mzuri wallahi. Hilo laniuma mpaka leo na ndo sababu naandika haya yote hapa.

Mimi nimekulia Mji wa Kale wa Mombasa, si mbali na Bandari ya Kale, na udogoni nilikuwa napenda kukaa karibu na mafundi wakiangalia jahazi lililopandishwa pwani. Fundi haanzi na zuri ama baya. Auliza kwanza hiki labeba nini, laenda wapi, mabaharia wangapi. Ndo ashuke chini kuangalia mkuku, apite kwa mataruma moja moja, agonge mbao asikie, aangalie kalafati imeshika wapi na wapi imetoka. Mbao ile ile ambayo ni sawa kwa mashua ya kuvulia ni hatari kwa jahazi la kubeba boriti. Meli ya angani nayo husomwa hivo hivo, kwa kazi yake. Ukishika hilo moja, hatua zote zinazofuata zitakuja zenyewe.

Ntatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili tusipotezane. Dada mmoja wa Changamwe alinipa michoro ya meli ya hospitali aliyoiita USS Mekatilili, na amenikubalia niieleze. Mita 450 urefu, mabaharia na madaktari 200, wagonjwa 300, karne ya 24.

Kabla hujafungua mdomo, uliza

Maswali ni manne. Chombo ni cha enzi gani, kazi yake nini, kina watu wangapi, na mwenyewe ataka nini: ataka kionekane kama kimetoka kwa TV au ajichorea chake tu apendavyo? Hilo la nne ndilo wengi walirukalo na ndilo lenye fitina zote, manake mtu aliyesema "mimi sifuati sheria za Starfleet", hao wanamaji wa angani wa Star Trek, huwezi kumhukumu kwa sheria za Starfleet, utakuwa wamsomea mtihani wa somo asilosoma. Dada alinijibu wazi, ataka meli ambayo ikipita kwenye kipindi nyuma ya Enterprise, ile meli kuu ya Star Trek, hakuna atakayeshtuka. Sawa, sasa nna kipimo.

Omba pia michoro mitatu, ya ubavuni, ya juu na ya mbele. Ile picha moja ya pembeni yenye mwanga na nebula nyuma ni tamu kwa macho lakini yaficha mengi, na mara nyingi mchoraji mwenyewe hajui ameficha nini mpaka umwambie achore omo peke yake.

Ifanye nyeusi tupu

Chukua mchoro, jaza rangi nyeusi chombo chote, punguza mpaka iwe saizi ya ukucha wa kidole gumba. Yajulikana ni nini? Ukikaa ufukweni jioni wavijua vyombo kwa mbali kabla hujaona mtu hata mmoja ndani, hii ngalawa kwa mirengu yake, ile mashua, lile jahazi kwa vile tanga lilivyokaa. Star Trek tangu 1966 imejengwa juu ya hilo hilo: sahani mbele, mwili wa injini nyuma, mapipa mawili ya injini yamenyanyuliwa kando, na hata mtoto ajua hao ni Starfleet. Shingo ndefu yenye kichwa mbele na mabawa nyuma, hao Waklingon, mahasimu wao. Ukiwa na umbo jeusi ambalo halisemi kitu, hakuna idadi ya madirisha wala mistari ya kwenye bodi itakayoliokoa, kwa hivo hapa usione haya kumwambia mtu arudi kwenye karatasi. Mekatilili ilipita hapa vizuri, sahani yake imechongoka kidogo mbele kama omo ya mashua na nilimwambia hilo aliwache vile vile asiliguse.

Ukubwa: hapa ndipo penye kazi, chukua rula

Makosa mengi niliyoyaona kwenye dizaini za mashabiki yako hapa, na hayaonekani kwa jicho mpaka upime. Mtu aandika "mita 1200" kwa sababu nambari kubwa yapendeza, halafu achora madirisha ya saizi yoyote.

Kwanza jipe picha ya urefu kichwani. Enterprise ya kwanza, NCC-1701, ni mita 289. Daraja la Nyali ni karibu mita 390. Yaani Enterprise ukiilaza juu ya daraja inakula kama robo tatu hivi na bado watembea kwa miguu mpaka ng'ambo. Enterprise-D, ile ya kipindi cha baadaye, ni kama mita 642, hiyo yapita daraja zima na kuzidi nusu lengine. Na zile meli za kontena zilizokuwa zapita mlango wa zamani wa Panama mwisho wake ulikuwa mita 294, kwa hivo ukisimama Mama Ngina meli ndefu ya kontena yaingia Kilindini, hapo ndo Enterprise ya kwanza ilipo, ndefu hivo. Mtu akikwambia mita 1200 mwambie ahesabu madaraja matatu ya Nyali yamepangwa msururu, halafu umuulize ndani mna nini.

Kisha ujue kwamba urefu ukizidi mara mbili na umbo ni lile lile, nafasi ya ndani huzidi mara nane, si mara mbili. Hili wengi halijawaingia. Enterprise ya kwanza ilikuwa na watu 430, D ilikuwa na 1,014, na D ni ndefu mara mbili na kitu, maana yake ndani nafasi ya kila mtu imekuwa kubwa mno, na hiyo yaeleweka manake wale walipanda na familia zao, watoto, shule. Sababu ipo. Ukikuta dizaini yenye nafasi ya mji mzima na watu 40 ndani, usiseme "haiwezekani", sema "niambie kwa nini".

Sasa rula. Kwenye skrini mchoro wa ubavuni wa Mekatilili ulikuwa sentimita 15. Mita 450 gawa kwa 15, kila sentimita ni mita 30, kila milimita ni mita 3. Nikapima ukingo wa sahani, milimita 3, yaani mita 9. Na kwenye ukingo huo dada alikuwa amechora safu nne za madirisha, na kila safu ni sitaha. Mita 9 gawa kwa nne, ni mita 2 na robo, na hapo hujatoa unene wa sakafu, mabomba na nyaya. Daktari akinyoosha mkono agusa dari, na wodi zote ndo ziko huko! Kawaida mimi hupigia mita 3 mpaka 3 na nusu kutoka sitaha hii mpaka ile. Kwa hivo ana njia mbili. Aikuze meli yote mpaka safu nne zikae vizuri, na hiyo, kwa mita 3 na nusu kila sitaha, yampeleka mita 700, yapita Enterprise-D, kwa watu 500. Ama afute safu mbili abaki na mbili. Ukingo wa sahani ya Enterprise ya kwanza wenyewe una sitaha mbili tu. Nilimpa hesabu yote hiyo na nikamwachia achague, manake chombo ni chake.

Injini, na zile kanuni za Roddenberry

Yale mapipa mawili marefu mashabiki twayaita neseli. Anayetoka Pwani ashike mfano wa ngalawa, mirengu iko miwili, iko mbali na mwili, yashikwa na miti, na ukikata mmoja chombo chaenda mrama. Aliyechora Enterprise ni Matt Jefferies, alikuwa mtu wa ndege, na sababu yake ya kuzitoa injini nje ilikuwa nyepesi: nguvu ya kupita mwendo wa mwanga ni kubwa na ya hatari, hutaki kulala karibu nayo. Vile vile bodi aliiacha laini, bila mabomba nje, kwa sababu kitu kikiwa nje kikiharibika mtu lazima atoke kukitengeneza, afadhali kikae ndani. Hili la pili ni muhimu kwa mkosoaji, manake siku hizi watu hujaza bodi vijidude na mistari kila mahali ili ionekane "ina maelezo". Weka kidole juu ya kidude kimoja umuulize hiki chafanya nini. Akijibu, kibaki. Asipojibu, mshauri akitoe, na bodi itapumua.

Kuna kanuni ambazo mashabiki hunukuu kwamba ni za Gene Roddenberry: neseli ziwe mbili mbili, zionane kwa angalau nusu yake bila mwili kuzikinga, zionekane ukiangalia kwa mbele, na briji, chumba cha kuongozea meli, iwe juu katikati ya sahani. Zijue zote lakini usizifanye fimbo. Stargazer ina neseli nne na bado ni mbili mbili. Enterprise-D ya mustakabali kwenye kipindi cha 1994 ilikuwa na tatu. USS Kelvin ya filamu ya 2009 ina moja. Waliokuwa wanalipwa kwa kazi hiyo walizivunja, kwa hivo "umevunja kanuni" peke yake si ukosoaji. Ukosoaji ni kuuliza umepata nini kwa kuvunja.

Dada alizishusha neseli chini nyuma ya mwili wa injini, na ukiangalia mchoro wa mbele waona kama theluthi tu. Nikamwambia, dada yangu, hizi hazionani, mwili umekaa katikati kama ukuta. Akanijibu, kaka, wodi ziko juu na mimi nataka injini mbali na wagonjwa iwezekanavyo. Hilo jibu ni la Jefferies hasa! Sikuwa na la kumbishia, ila nikamwonyesha kwamba akirefusha nguzo na kuzipanua nje zitakuwa mbali vile vile na tena zitaonana.

Mbele nako usisahau deflekta, lile dishi la kusukuma vumbi njiani. Gramu moja tu ya vumbi ukigongana nayo kwa asilimia 10 ya mwendo wa mwanga yatoa nguvu ya zaidi ya tani 100 za baruti ya TNT. Kwa hivo deflekta iangalie mbele na isizibwe na kitu, si sahani, si mzinga, si nembo. Ukiikuta nyuma ya shingo ya chombo, hilo ni kosa la kweli na liseme bila kuzunguka.

Ndani, milango na njia za watu

Hapa pita na kazi ya chombo. Meli ya hospitali, wagonjwa waingia vipi? Mekatilili ilikuwa na gereji moja ya vyombo vidogo, nyuma, mlango wa milimita 4, yaani mita 12, na humo humo vyombo vyaingia na kutoka. Sasa fikiria vita vimekwisha na kuna majeruhi wanaletwa kwa makumi, chombo kimoja chageuka ndani, chengine chasubiri nje na mtu anavuja damu. Sisi wa Mombasa tunalijua jibu hili, twalipanda kila siku pale Likoni: feri ina mlango huku na mlango kule, gari laingia kwa mbele na ng'ambo latoka lilivyoelekea bila kugeuka. Nikamwambia atoboe gereji ipite kutoka ubavu huu mpaka ule. Alinyamaza kidogo kisha akacheka akasema amevuka Likoni maisha yake yote na hakuwahi kufikiri hivo.

Silaha

Fort Jesus ilijengwa kuanzia 1593 mpaka 1596, mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ukitembea juu ya ukuta utaona zile pembe nne zilizochomoza hazikuwekwa kwa urembo. Kila pembe yaangalia ukuta wa jirani yake, adui akikaribia chini ya ukuta mmoja anapigwa kutoka ubavuni. Fanya hivo kwa meli: chukua kalamu, kwa kila feiza, yaani silaha ya miale, chora mistari ya inakoweza kupiga bila kugonga mwili wake wenyewe, kisha angalia wapi pamebaki peupe. Mara nyingi ni nyuma chini, kati ya neseli. Si lazima pazibwe pote, lakini mchoraji ajue papo.

Mekatilili nayo ilikuwa na mirija 12 ya topido. Kwa hospitali? Niliuliza tu, nikaacha.

Nambari, jina na rangi

Hii ni fupi lakini yaudhi wajuzi. Nambari za Starfleet huenda zikipanda kadri miaka ipitavyo. Enterprise 1701, Excelsior ilianza na NX-2000, Voyager ya karne ya 24 ni NCC-74656. Ni kama nambari za magari hapa Kenya, ukiona KAB na KDM wajua lipi kongwe bila kuuliza. Chombo cha karne ya 23 chenye 60000 ni KDM kwenye gari bovu la zamani, mtu atajiuliza. Na NX ni ya chombo cha majaribio, usiiweke kwa sababu yapendeza. Jefferies mwenyewe alizikwepa 3, 6, 8 na 9 kwa kuwa kwa mbali zafanana, na hilo ni funzo zuri la herufi kwenye bodi: zisomeke. Jina la Mekatilili nalipenda kwa moyo wote, mama wa Kigiriama aliyesimama mbele ya Waingereza 1913, na kwa meli inayokwenda kuokoa watu linakaa.

Picha ya mwisho, mwanga, kivuli, hayo ni kazi nyengine na chombo kizuri kwenye mwanga mbaya bado ni chombo kizuri, usichanganye.

Wale waunganishaji, wanaochukua sahani ya meli hii na neseli za ile, usiwadharau hata kidogo. Meli zilizoharibika kwenye yale makaburi ya vita vya Wolf 359, katika kipindi cha 1990, ziliundwa kwa vipande vya modeli za dukani, na kuna ambazo neseli zake zilikuwa kalamu za maka. Wewe angalia maungio tu: ukubwa wa madirisha ya kipande hiki na kile walingana? Neseli iliyotoka kwa meli ya mita 642 ikiunganishwa na sahani ya meli ya mita 289, vipimo lazima vigombane.

Namna ya kulisema

Anza na kile kinachofanya kazi na kitaje kwa jina, "omo ya sahani", si "nzuri". Kisha kosa moja kubwa, na ulipime mbele yake. Usimpe makosa kumi na saba, mtu akipokea kumi na saba hatengenezi hata moja. Mimi mwisho wangu matatu. Tenganisha kosa na ladha, kwa maneno wazi: "hapa hesabu haikai" ni kitu chengine na "mimi ningependa iwe hivi" ni kitu chengine, na ukivichanganya atadhani unamtawala. Na kila kosa lifuate na njia ya kutoka, hata kama ni mbaya, ili apate pa kuanzia.

Kama mchoraji ni mdogo kwako zungumza kama unavyozungumza na mdogo wako, na kama ni mkubwa wako mpe heshima yake, "naomba kuuliza, mzee wangu, hii nguzo yashika wapi?" Swali lafika ndani kuliko hukumu. Na muulize kama ataka kusikia mbele ya watu au pembeni. Yule kijana wa Kisauni aliumia zaidi kwa kicheko cha waliokuwapo kuliko kwa lile neno lenyewe.

Ukimaliza, ngoja. Akileta mchoro wa pili usiangalie kama amekufuata, angalia kama chombo kimekaribia kazi yake. Dada alirudi baada ya siku kumi na kitu. Safu mbili za madirisha, gereji imetobolewa ubavu kwa ubavu na mistari ya njia imechorwa sakafuni, mirija ya topido imebaki miwili. Neseli hakuzigusa. Amechora ukuta mzito wa kinga kati ya injini na wodi na kuandika pembeni kwa mkono sababu zake, na nilipozisoma nikaona wodi zimekaa salama zaidi kuliko kwa ushauri wangu. Sasa nimemwomba mchoro wa tumboni, manake gereji ile mpya imepita juu kabisa ya deflekta na nataka kujua nyaya zake zapitia wapi.